Matundu ya Msumari

Mchungulia kila siku ndiye aozeshaye. Mmenisikia nikimwambia mama yenu maneno hayo asubuhi, mkacheka, na sasa mnataka kujua bibi yenu kayatoa wapi. Haya, kaeni. Ila msinihimize, leo miguu inaniuma na sina nguvu ya kubishana na mtu. Methali hii ilianzia kwa babu yenu, na mimi nilikuwapo.

Babu yenu Anaeli alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba moja kule Siha. Farasi walikuwa watatu, lakini moyo wake ulikuwa kwa Hidaya. Mama yake Hidaya alikufa akimzaa, babu yenu akamlea kwa chupa ya maziwa. Mara ngapi nilimwambia, "Laiti ungenibembeleza mimi hivyo!" Anacheka tu, anaendelea kumsugua mgongo.

Kabla ya Hidaya kupata mimba, kulikuwa na farasi wa nne, Kijivu. Mvua ilivuja ghalani, nyasi kavu zikaota ukungu. Babu yenu akatupa palipooza, akampa Kijivu palipobaki. Tumbo likamsokota, siku ya pili akafa. Farasi hatapiki, wajukuu zangu. Kikishaingia kimeingia. Tangu siku ile babu yenu akawa mtu wa hofu.

Mwaka uliofuata mwenye shamba akaja na njia nyingine. Nyasi zikakatwa, zikaanikwa zinyauke bila kukauka kabisa, zikafungwa marobota. Kila robota likazungushiwa nailoni, tabaka juu ya tabaka, hewa isipate pa kupita. Ndani mle nyasi zinachachuka polepole na haziozi, na farasi wanazipenda kweli. Marobota ishirini na mawili, ya kututosha kiangazi kizima. Mwenye shamba akasema, "Yasitobolewe. Na siku ya kufungua moja, liliwe lote ndani ya siku nne."

Babu yenu akaitikia vizuri sana. Siku ya tatu nikamkuta amepiga magoti mbele ya robota, msumari mkononi.

"Unafanya nini, Baba Elifuraha?"

"Nanusa tu."

Alikuwa ametoboa tundu dogo hivi, kaweka pua. Harufu nzuri, kama togwa. Akafurahi, akaziba kwa tope, akaenda zake. Tope likikauka si linadondoka? Kesho yake hofu ikarudi, akatoboa robota jingine. Kila asubuhi ni hivyo, na akiyamaliza anarudia la kwanza. Nilimkataza mara moja, nikamkataza mara mbili, halafu nikachoka nikanyamaza. Hapo nami najilaumu mpaka leo.

Kiangazi kikaingia kwa hasira. Malisho yakabaki vumbi. Hidaya alikuwa na mimba ya miezi tisa, mbavu zimeanza kuhesabika. Babu yenu akafungua robota la kwanza kwa shangwe. Ukungu mweupe ulianzia kwenye tundu ukaingia hadi katikati. La pili vilevile. La tatu, la nne. Alifungua kumi na manane, mpaka akabaki anahema. Na Hidaya kule bandani alikuwa amesikia nailoni ikipasuka, analia akitaka chakula chake.

Babu yenu akakumbatia nyasi za pembeni. "Upande huu ni safi. Nitatupa palipooza, nimpe palipobaki."

Nikamshika mkono. "Kijivu ulimpa palipobaki."

"Ana mimba, Mama Elifuraha. Ana njaa!"

"Njaa ataamka nayo kesho. Hizo hataamka nazo."

Akaziachia zikaanguka. Akakaa juu ya uozo ule, akalia, mwanamume mzima, jamani. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Kisha akautoa msumari mfukoni, akautazama, akasema, "Nilikuwa nachungulia nisije nikaozesha. Kumbe mchungulia ndiye mwozeshaji."

Yalibaki marobota manne, yale ya chini kabisa, ambayo yalilaliwa na mengine na mkono wake haukuyafikia. Mwenye shamba akawahamishia farasi wawili kwa ndugu yake mlimani. Kwa Hidaya babu yenu alipanda kila siku hadi ukingoni mwa msitu, akakata majani kwa mundu, akashuka nayo mgongoni. Yale manne alisema ni ya siku atakapozaa, maana mwenye kunyonyesha hashibi kwa fungu la mgongoni. Miezi miwili alipita mbele yake asubuhi na jioni, mikono nyuma, hayagusi. Nilikuwa namwona anavyoteseka. Mgongo wake haukunyooka tena baada ya hapo, hata nyinyi mlimkuta ameinama.

Hidaya akazaa. Mtoto mwembamba, miguu tu, lakini akasimama. Siku hiyo tukafungua robota moja, na uani kote kukanukia togwa. Babu yenu hakuinama kunusa. Alimwangalia Hidaya akila, akaniambia, "Twende tukalale, Mama Elifuraha. Nimechoka."

Sasa dada yenu Ndeshi ana wiki moja tu kwenye kazi yake Arusha. Mama yenu jana kampigia mara nne. Umekula? Wenzako wanakusema? Hulii? Mtoto wa watu alikuwa halii. Simu ya nne akaanza kulia, anataka kurudi nyumbani.

Msidhani mimi simkumbuki. Namkumbuka mpaka kifua kinauma. Mnaona nilivyokaa upande? Simu yangu hii hapa, nimeikalia. Nendeni mkamwambie mama yenu naye aikalie ya kwake. Mchungulia kila siku ndiye aozeshaye.