Kiapo cha Mama wa Mchezaji wa Raga

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto wa pekee, mchezaji wa raga. Mnaijua raga? Wanaume wazima, mpira mmoja wenye umbo la yai, na kila anayeushika anarukiwa kama mwizi. Mama huyu hakuthubutu kutazama mechi. Alikaa nyuma ya jukwaa, kitenge mdomoni, roho juu juu, akingoja kuambiwa mwanawe ameinuka.

Vita vikaja. Kijana akaingia jeshini pamoja na wenzake wa timu. Wiki ya kuondoka, mama akamketisha.

"Mwanangu, huko mwenzako akianguka, wewe lala chini. Akikuita, jifanye husikii."

Kijana akacheka. "Mama, kwenye raga mwenzako akiangushwa humwachi. Unasimama juu yake, unamkinga kwa mwili wako. Ndivyo tulivyofunzwa."

"Ule ni mchezo. Hizi ni risasi! Niapie kwa maziwa niliyokunyonyesha."

Akaapa. Angefanyaje? Na mama, kwa kuona dawa yake ni nzuri, akaipeleka kwenye umoja wa akina mama kanisani. Akawaambia wale wenye vijana katika timu ile: "Waapisheni na ninyi, mapema." Wakawaapisha. Wewe usingefanya hivyo?

Basi kukawa na kungoja. Pikipiki ikipunguza mwendo langoni, anakimbilia dirishani kuchungulia. Simu ikilia, anaiogopa kwanza ndipo aipokee. Alijipoza kwa neno moja tu: ameapa, atalala chini, atarudi.

Siku moja akaja kijana mmoja wa timu ile, mzima, hana hata mkwaruzo. Akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, alipigwa risasi ya mguu. Mguu tu. Tungemfunga kitambaa na kumvuta, angeishi. Alikuwa mbele yetu kidogo. Akatuita kwa majina, mmoja mmoja, mpaka sauti ikakatika."

Mama akapiga ukelele. "Na ninyi je? Si mlicheza naye? Mbona hakuna aliyekwenda kusimama juu yake?"

Kijana akainamisha kichwa. "Tulikuwa tumeapishwa, mama. Mama yangu alisema ni wewe uliyemfundisha."

Ndugu zangu, sisi tulioketi hapa, tumewaapisha nini watoto wetu? Usijitie kwenye mambo ya watu. Jirani akilia, funga dirisha. Ukiona, sema hukuona. Tunadhani tunawalinda, tena tunapiga magoti kumwomba Mungu awape wetu mtu wa kuwainua siku watakapoanguka. Mtu huyo atatoka nyumba gani, ikiwa kila nyumba imefundisha kama ya kwako? Leo ukifika nyumbani, mwite mwanao umfungue kile kiapo. Usingoje mpaka anayeita awe ni wako.