Muhogo wa Binti Nampoto

Ngano, ngano.
Njoo, tumekukalia mkao.
Nije na nini?
Njoo na chumvi, mboga tunayo.

Basi sogeeni. Mwenye mtoto amlaze mapajani, asikie hata kama amesinzia.

Hapo kale, kale ya mababu wa babu zetu, palikuwa na kijiji kilichokula muhogo mchungu. Mnaujua. Muhogo mtamu unamenya, unachemsha, unakula. Ule mchungu sharti uuloweke mpaka ulainike, uuanike mpaka ukauke, uutwange mpaka uwe unga. Ukiruka kuloweka, umekula sumu. Ndiyo maana kijiji kile kilikuwa na sheria kali: anayewalisha watu muhogo ambao haukulowekwa ni mchawi, avushwe mto, asirudi.

Mlowekaji wa kijiji alikuwa mjane mzee, Binti Nampoto. Karamu ya kuwatoa wari unyagoni ikifika, unga wote ulitoka mikononi mwake. Alikuwa na watoto wawili: Chikawe, mwanamume wa sauti kubwa, na Somoe, mama wa mtoto mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno.

Siku moja Binti Nampoto akatia mboga chumvi, akatia tena, akatia tena. Watu wakala kimya, wakanywa maji. Somoe akasema moyoni: hm.

Siku nyingine akatoka kisimani na mtungi kichwani. Akaupita mlango wake mwenyewe, akaenda, akaenda, akaenda. Jirani yake, Bi Mkalola, akamkuta mbali, njia panda. Hakumuuliza kitu. Alimwambia tu, "Shoga, nami nakwenda huko kwako," akamwekea mtungi sawa, wakarudi pamoja. Somoe aliwaona wakija. Akasema moyoni: hm, hm.

Na mama alikuwa hodari wa kujificha. Ukimuuliza leo siku gani, anakujibu, "Siku ya wavivu kuuliza maswali." Watu hucheka. Somoe hakucheka, maana aliona vidole vya mama vikisokota pindo la kanga.

Akaenda kwa kaka yake. Chikawe akasema huo ni uzee tu, wazee wote husahau. Tena karamu imekaribia, na watu wakisikia watasema mama ana wazimu. Karamu kwanza, mengine baadaye.

"Kaka," Somoe akasema, "mzee husahau alipoweka kisu. Mama ameshika kisu, anauliza ni cha nini."

Chikawe akageuza uso.

Sasa shikeni watoto wenu. Somoe alitoka kuchanja kuni, akarudi. Akakuta chungu kinafuka mvuke. Bibi amempakata mjukuu, kipande cha muhogo mkononi, anakipuliza kipoe. Mtoto kinywa wazi, kama kinda. Somoe akatazama mtungi wa kulowekea: mkavu. Akatazama kapu la muhogo mchungu: tupu. Akatazama maganda uani: kuku anadonoa, anayumba, huyo, chini.

Mngefanya nini nyie? Mngepiga kelele. Somoe hakupiga. Alipiga magoti, akasema polepole, "Mama, nina njaa. Nipe mimi kwanza."

Na mama ni mama. Akaurudisha mkono uliokuwa umefika mdomoni kwa mtoto, akampa bintiye kipande, akampa na chungu chote. Somoe akavipeleka nyuma ya nyumba, akachimba, akafukia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kulipokucha, Somoe hakwenda tena kwa kaka. Alimwendea mama. "Mama, naumwa. Naogopa. Nisindikize kwa tabibu." Binti Nampoto akajifunga kanga, akamshika mkono, wakapanda kilima.

Tabibu akamuuliza Somoe hili na lile, kisha kama anayepiga soga akamgeukia mama. Akamtazama macho, akamuuliza usingizi wake na dawa anazokunywa, maana yapo maradhi mengine yanayosahaulisha na yakatibika. Akampa maneno matatu ayatunze: jiwe, jani, jembe. Wakazungumza habari za mvua. Kisha akamwomba ayarudishe.

"Vitu vyako mwenyewe," mama akajibu, "mbona unanitunzisha mimi?" Akacheka. Tabibu hakucheka.

"Ni maradhi ya kusahau," akasema. "Si wazimu, si uchawi, wala si uzee mtupu. Kuyang'oa siwezi. Lakini mmekuja mapema, kauli bado anayo. Muulizeni anataka nini, kabla hayajamnyang'anya na hilo."

Somoe hakuthubutu kumtazama mama. Alimdanganya, na sasa uongo umekaa katikati yao kama mgeni.

"Nilijua nani mgonjwa," mama akasema. "Ila ulisema unaogopa. Ningekuacha uje peke yako?" "Sitaki kuua mtu. Na sitaki kuvushwa mto."

Siku ya karamu, kabla ngoma hazijalia, Binti Nampoto akasimama mbele ya kijiji kizima na ungo wake mkononi. Akasema kichwa chake ni mtungi uliotoboka, na tabibu amethibitisha. Kuanzia leo mwenye kuloweka ni Somoe. "Mkiniona na muhogo, nipokeeni. Mkiniona njiani, nirudisheni."

Wazee wa sheria wakatazamana. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake nyuma.

Bi Mkalola akainuka, akaupokea ungo. "Mimi nitapokea," akasema. Na Chikawe wa sauti kubwa, kwa sauti ndogo: "Mimi nitamrudisha." Basi, mmoja mmoja, kijiji kikaitika.

Mvua zikaja, zikapita. Maradhi yakatembea njia yake. Siku moja Binti Nampoto akaonekana ukingoni mwa mto, kapu la muhogo mchungu kichwani, maji yamefika magotini. Hakuna aliyesema mchawi. Walimkimbilia Somoe, naye akaja mtoni.

"Mama."

Mama akageuka, akamtazama. "Wewe nani?"

Somoe akamnyooshea mkono. "Mimi mgonjwa, mama. Naogopa. Nisindikize."

Binti Nampoto akatua kapu palepale. Akatoka majini, akamshika mkono. "Usiogope," akasema. "Twende." Naye akatangulia.

Ngano yangu imefika mlangoni, naivulia viatu. Ikiwa tamu, mgawieni jirani. Ikiwa chungu, ilowekeni kwanza.