Mkono Uliolifunga Duka la Mzee Singano

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu, ambayo ukimshika mkono mtu mzima yeyote wa mtaani kwetu atakusimulia, palikuwa na duka. Lilikuwa kando ya reli, kwenye mji mdogo wa wakata mkonge, na mwenyewe aliitwa Mzee Singano.

Duka halikuwa kubwa. Watu watatu wakisimama mbele ya kaunta, wa nne anasubiri nje. Lakini mtoto akitumwa sukari robo, Mzee Singano anapima, mzani unatulia, kisha anatia vidole vitatu kwenye gunia na kuongeza kidogo. Anasema, "Hiyo ya mkono." Ukitumwa chumvi, anapima, anaongeza, "Hiyo ya mkono." Ukitumwa dagaa, anapima, anaongeza, "Hiyo ya mkono." Hakuna aliyemwomba. Baba yake alipima hivyo, na babu yake alipima hivyo. Sisi tulikua tukidhani mzani wa duka lolote hauwezi kukamilika bila ya mkono.

Mzee Singano alikuwa na mke, Bibi Mwanjaa, na mtoto mmoja wa kiume, Abeid, aliyefanya kazi Tanga mjini. Abeid alimpenda baba yake. Alijua mzee anatembea na fedha kwenye mfuko wa kanzu, na alijua vibaka wa stendi wanajua pia. Basi mwaka ule alikuja na boksi dogo, akalifungua juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na mashine ya kadi.

"Baba, hii itakuondolea hofu," alisema. "Mtu anapitisha kadi yake hapa, fedha zinakwenda benki zenyewe. Hutembei na kitu mfukoni."

"Na wenye mashine wanapata nini?"

"Wanakata kidogo, Baba."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Waliniambia kidogo."

Mzee Singano akaigusa mashine kama mtu anavyogusa kichwa cha mtoto mchanga. Alisema, "Ahsante, mwanangu." Wala hakuuliza tena, maana mtu akikuletea zawadi huiweki kwenye mzani mbele yake.

Kabla ya kupanda basi, Abeid alipita kwa majirani wenye kadi. Walikuwa walimu, wauguzi wa kituo cha afya, na makarani wa shamba la mkonge, wote kama ishirini hivi. Akawaambia, "Jamani, wenye mashine wamesema isipotumika mara mia tatu kwa mwezi wanakuja kuichukua. Msimwachie Baba mashine ikalala."

Hapo sasa ndipo wema wa watu wetu ulipoamka.

Wa kwanza alikuwa Sista Leokadia, nesi wa wodi ya wazazi. Alikuja kwetu kutoka Bukoba bila ndugu, na siku aliyofika, mvua inanyesha, Mzee Singano alimwazima mwavuli na jiko la mkaa. Hakulisahau hilo. Siku ya kwanza ya mashine alifika dukani na orodha yake, akaiangalia, akacheka peke yake.

"Mzee, mara mia tatu ni nyingi. Tutafanya hivi. Nipimie sukari kwanza, nipitishe kadi."

Mzee akapima, akaongeza ya mkono. Kadi ikapita. Mashine ikalia tii, karatasi ikatoka.

"Haya, sasa chumvi."

Kadi ikapita. Mashine ikalia tii, karatasi ikatoka.

"Sasa kiberiti."

"Sista, kiberiti nacho?"

"Nacho. Kwani kiberiti si bidhaa?"

Kadi ikapita. Mashine ikalia tii, karatasi ikatoka.

Sista Leokadia akarudi kituoni akawafundisha wenzake. Wenzake wakawafundisha walimu. Walimu wakawafundisha makarani. Ikawa mtu haji kununua vitu vitano kwa pamoja. Ananunua sukari, tii. Majani ya chai, tii. Kipande cha sabuni, tii. Foleni ilifika mpaka kwenye reli, na watu walikuwa wanacheka, wanatambiana nani amempitishia mzee mara nyingi zaidi. Karani mmoja alinunua pipi kumi kwa kadi, moja moja. Mimi niliona kwa macho yangu, mtoto mgongoni, na nilifurahi kama wengine. Nilisema moyoni, hivi ndivyo watu wanavyopaswa kupendana.

Mwisho wa mwezi ikaja karatasi ya hesabu. Macho ya Mzee Singano yalikuwa yamechoka, kwa hiyo alimpa Mwalimu Kibwana amsomee. Mwalimu Kibwana alifundisha hesabu darasa la tano, mtu mkimya, mrefu, shati lake daima limepigwa pasi. Akasoma. Akarudia kusoma. Akavua miwani.

"Mzee, hawa wanakata shilingi mia mbili."

"Kwa mwezi?"

"Kwa kila kadi inapopita. Iwe gunia, iwe kiberiti, ni mia mbili."

Mzee Singano akapiga hesabu kichwani. Kilo ya sukari ilimpa faida ya shilingi mia. Kiberiti kilimpa ishirini.

"Basi kila mashine inapolia..." alisema.

"Kila inapolia, wewe unamlipa mteja aje kununua kwako. Ngoja niwaambie watu. Leo hii hii."

"Mwalimu, kaa kwanza. Ukiwaambia, yule binti wa Bukoba atajisikia vipi? Na Abeid je? Amekodi kitu kile kwa mshahara wake. Mteja haambiwi kwamba ananitia hasara, sisi hatukulelewa hivyo. Watachoka wenyewe. Mwezi ujao watakuwa wamechoka."

"Na wasipochoka?"

"Watachoka. Niapie hutasema."

Mwalimu Kibwana alikataa. Mzee akamwomba tena. Mwalimu akakataa. Mzee akamwomba mara ya tatu, akiwa amemshika mkono, na mtu mzima wa umri wa baba yako akikushika mkono hivyo utafanya nini? Mwalimu akaapa.

Lakini tangu siku ile Mwalimu Kibwana hakupitisha kadi. Alipanda basi mpaka benki, akatoa fedha, akaja nazo taslimu, akanunua vitu vyake vyote kwa mkupuo mmoja. Watu wakamwona.

"Mwalimu, kadi yako imeota kutu?" walimuuliza kwenye foleni.

"Napenda noti," alijibu.

"Mbahili huyu. Hata kumsaidia mzee kwa kadi hataki."

"Hesabu zimemkausha moyo," akasema Sista Leokadia, na watu wakacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akachukua unga wake, akaenda zake. Alichekwa hivyo miezi minne.

Maana watu hawakuchoka. Walivuka mia tatu, wakafika mia tano, wakafika mia nane. Mashine ikalia tii, karatasi ikatoka. Mashine ikalia tii, karatasi ikatoka. Tambi zikaisha, Mzee hakuleta nyingine. Mafuta ya kupikia yakaisha, hakuleta mengine. Akawa anapanga maboksi matupu kwenye rafu, picha zikitazama mbele, ili duka lionekane limejaa. Tukiuliza tambi anasema, "Gari la mzigo limechelewa." Na bado akipima kile kilichobaki, anatia vidole vitatu kwenye gunia. "Hiyo ya mkono." Ukitazama ndani ya gunia uliona vidole vinagusa chini.

Mwezi wa sita tangu mashine ije, asubuhi moja, duka halikufunguliwa. Watoto waliotumwa walirudi na vikombe vitupu. Siku ya pili halikufunguliwa. Siku ya tatu tukasikia Mzee amelala ndani, miguu imevimba, na mtaji wote umekwisha.

Ni Bibi Mwanjaa aliyesema ukweli, alioambiwa na Mzee kitandani. Alimpigia simu Abeid, na sauti yake ikavuka ua. Alisema mia mbili, na mia mbili, na mia mbili. Wanawake waliokuwa kisimani wakasikia. Mpaka adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kula.

Kesho yake watu watatu walifika uani kwa Bibi Mwanjaa. Hawakuwa wamepanga kufika pamoja. Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka, anachambua mchele. Wakamwamkia, akaitikia. Akamaliza kuchambua uteo wote kabla ya kusema neno.

"Nimeuza mbuzi wangu wawili," alisema. "Kuna gunia la sukari, kuna chumvi, kuna sabuni. Mashine imerudi kwa wenyewe. Duka linaweza kufunguliwa kesho, lakini Mzee hawezi kusimama, na mimi siwezi kumwacha. Namtaka mtu wa kufungua kila asubuhi na kupima mpaka miguu ile ipone. Nimemuuliza Mzee nani amelifunga duka lake. Anasema hakuna. Mimi nasema duka halijifungi lenyewe. Mkono uliolifunga ndio utakaolifungua."

Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo.

Abeid akapiga magoti. "Mama, nipe mimi. Mimi ndiye niliyeleta mashine. Baba aliniuliza wanakata kiasi gani, na mimi nikasema kidogo. Sikujua, na sikujishughulisha kujua. Niliona aibu kuwauliza wale vijana wenye tai walionipa mashine. Bila mimi, mashine ingeingiaje humu? Nimeshaomba ruhusa kazini. Wakininyima, nitaacha kazi."

Sista Leokadia naye akapiga magoti. "Bibi, usimpe. Mashine ya Abeid ingelala pale kaunta kama kopo. Wengine wangepitisha mara moja kwa wiki, na duka lingeishi. Mimi ndiye niliyekatakata manunuzi vipande vipande, na mimi ndiye niliyewafundisha wengine. Kiberiti, Bibi. Nilipitisha kadi kwa kiberiti, na yeye akanitazama, na mimi nikacheka. Nimeomba zamu ya usiku mwaka mzima. Asubuhi zangu zote ni za duka."

"Utalala saa ngapi?" aliuliza Bibi Mwanjaa.

"Nitalala mchana."

Mwalimu Kibwana hakupiga magoti. Alisimama pale pale mlangoni mwa ua, kofia mkononi.

"Hawa wawili hawakujua," alisema. "Mtu asiyejua utamlaumu nini? Aliyejua ni mimi. Nilijua mwezi wa kwanza. Neno moja tu kwenye foleni, moja tu, na mashine ingenyamaza siku ile ile."

"Uliapa," alisema Bibi. "Mzee mwenyewe alikuapisha."

"Niliapa. Lakini Bibi, kwani kuvunja kiapo na kuvunja duka, kipi ni kizito? Nilijiona mwema kwa kuchekwa. Kila walipocheka niliona kama nalipa. Nilikuwa silipi kitu, aliyekuwa analipa ni yeye."

Sista Leokadia akainamisha kichwa. "Mwalimu, na mimi ndiye niliyekucheka."

"Ulicheka vizuri, Sista. Hata mimi ningecheka."

"Mgawane basi," alisema jirani mmoja kati yetu tuliosimama ukutani. "Mmoja afungue leo, mwingine kesho."

Bibi Mwanjaa akatikisa kichwa. "Ufunguo ni mmoja. Wema wa mikono mingi ndio uliotufikisha hapa. Safari hii nataka mkono mmoja, nikiuliza nijue namuuliza nani."

Ndipo tukasikia sauti kutoka chumbani, ndogo, lakini ile ile.

"Mwanjaa. Huo ufunguo ni wangu. Abeid hakujua, Sista hakujua, Mwalimu alinyamaza kwa sababu nilimnyamazisha. Mimi nilijua na nilikuwa na mdomo wangu. Niliogopa wasije wakaniona mtu wa shida. Leteni huo ufunguo humu. Nitafungua hata kwa kutambaa."

"Lala, baba Abeid," alisema Bibi, na macho yake yakajaa.

Abeid amenyoosha mkono. Sista Leokadia amenyoosha mkono. Mwalimu Kibwana ameweka kofia kwapani, amenyoosha mkono. Na kwenye pazia la chumbani, mkono mwembamba umetokeza, vidole vitatu mbele.

Bibi Mwanjaa akasimama katikati yao. Aliupa mkono mmoja ufunguo, na duka likafunguliwa, na hapo kwetu watu hawajaacha kubishana mpaka leo. Wengine husema aliupa mkono wa haki, wengine husema haki ilikuwa ya mkono mwingine. Mama mkwe wangu na mimi hatuelewani hata kidogo juu ya jambo hili.

Mimi sisemi alimpa nani. Nawauliza nyinyi mliokaa hapa na watoto wenu mapajani. Aliyeleta kwa upendo bila kuuliza, aliyezidisha kwa shukrani bila kufikiri, aliyejua akanyamaza kwa heshima, na mwenye duka aliyeficha maumivu ili asimuumize mtu. Je, nani alistahili ufunguo?