Mlango wa Chini wa Mzee Elieskia

Kiwanja cha mteremko hakikosi mlango wa pili. Mmemsikia shangazi yenu akiisema leo alipokuwa akiwasuluhisha wale ndugu wawili walioapa kutosemezana, nanyi mkaangua kicheko, mkadhani anatafuta mnunuzi wa kiwanja. Chekeni tu, ila sogezeni vigoda. Methali hii ina baba na mama, na ilizaliwa hivi.

Hapo zamani, katika kijiji cha mlimani kilichoitwa Mrindini, mtu akihama nyumba aliweza kuacha vyote, lakini kizingiti cha mlango wa mbele alikifukua akaenda nacho. Ulikuwa ubao wa mti mgumu, uliozoea nyayo za wazazi wake, na neno lililoapwa juu yake lilihama nao.

Mzee Elieskia aliapa juu ya kizingiti chake siku Nakijwa, binti yake wa pekee, alipoondoka kwenda kuolewa na kijana wa ukoo waliogombana nao juu ya zamu za maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. "Nakijwa hatakivuka tena!" alisema, na majirani wakasikia. Hasira hasara. Maharage hayajavunwa, alikuwa keshajuta. Lakini yeye ndiye mzee aliyewatoza wenzake mbuzi kila walipojaribu kuvimeza viapo vyao. Angeanzia wapi?

Jina la binti halikutoka tena kinywani mwake. Mkewe, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Nakijwa, yeye alimwita "wewe" tu. Majirani hawakumhurumia. Kila aliyepita aliita, "Mama Nakijwa, hamjambo?" na moyo wa mzee ukashtuka, kisha ukaanguka. Alimkumbuka zaidi asubuhi, kwa sababu Nakijwa alizoea kuimba akichochea moto, wimbo usio na maneno, akiuanza juu na kuukatisha katikati kama aliyekumbuka kazi nyingine. Alimkosa mwanawe hadi chai ikakosa ladha.

Miaka ikapita, nyumba ikapasuka kuta, ikabidi ijengwe mpya. Kiwanja kilikuwa kizuri, kimeinama kidogo kuelekea njia ya sokoni. Fundi Hezroni alikizunguka na kamba yake, akasema, "Baba, kazi ni rahisi. Upande wa chini tunanyanyua msingi, tunajaza kifusi, tunashindilia, basi."

"Na tukichimba chumba chini ya nyumba, chenye mlango wake upande wa chini?" mzee akauliza.

"Chumba cha chini? Kwenye mteremko huu? Hapa ukiweka chungwa, linafikiri kwanza kabla ya kubingirika! Itabidi upande wa juu tuchimbe kina cha mtu, na masika maji yatakuja kuegemea ukuta."

"Nitaweka viazi."

"Vitaoza."

"Basi majembe."

"Yatashika kutu."

"Mbuzi, je?"

"Baba, unataka mbuzi wakulilie chini ya kitanda?"

Mzee akaitazama njia ya sokoni. Mama Nakijwa, aliyekuwa akipepeta maharage pembeni, aliutua ungo.

"Huo mlango wa chini," aliuliza polepole, "utakuwa na kizingiti?"

"Hautakuwa nacho," mzee alijibu bila kumtazama. "Sakafu itatoka sawasawa mpaka nje."

Fundi alifungua kinywa apinge. Ndipo alipomwona mama akijifuta macho kwa upindo wa kanga, akakumbuka kile kiapo. Alikunja kamba yake taratibu.

"Tutachimba," alisema. "Ila mtaro wa kukinga maji upande wa juu utauchimba wewe, Baba, na kila masika utauzibua wewe."

"Nitauzibua."

Nyumba ikasimama. Kile kizingiti cha zamani kikachimbiwa kwenye mlango wa mbele, kama desturi ilivyotaka. Chini kikawepo chumba cha mawe chenye mlango wake, kisicho na ngazi ya kupandia ndani. Mama akatandika kitanda, akawatuma wanawake waendao sokoni wamwambie Nakijwa kwamba chumba cha chini hakina kizingiti.

Hakuja. Masika yakaja, mzee akazibua mtaro. Yakaja mengine, akauzibua tena, na kila baada ya majembe machache aliegemea mpini akatazama njiani. Kila mwanamke aliyetokeza kwenye kona alikuwa Nakijwa, mpaka asogee karibu. Mzee alikonda. Watu walisema ni uzee, naye akawaacha waseme.

Asubuhi moja ya manyunyu alikuwa mezani na chai yake. Chini ya miguu yake, kutoka upande wa pili wa sakafu, ukaja wimbo usio na maneno. Ulianza juu, ukakatika katikati.

Mzee akapiga magoti, akalaza sikio kwenye saruji. Mtoto mdogo alikuwa akicheka huko chini. Machozi yakamtoka bila aibu.

"Mama Nakijwa!" aliita. "Mama Nakijwa, njoo! Mwanao yuko chini!"

Hakusubiri mwavuli. Alitoka mbele, akakivuka kizingiti chake mwenyewe, akazunguka nyumba akiteremka kwenye manyunyu, na kwenye mlango wa chini akasimama nje kama mgeni.

"Hodi," alisema.

"Karibu, Baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia. Akaingia.

Wazee wenzake walipopata habari walikuja kudai mbuzi wa kiapo kilichovunjwa. Fundi Hezroni akawaonyesha kizingiti cha mbele. "Nani amemwona Nakijwa akikivuka hiki? Wazee wangu, kiwanja cha mteremko hakikosi mlango wa pili." Wakatazamana, kisha wakacheka, na mmoja wao akauliza kama mbuzi aliyetozwa zamani anaweza kurudishwa.

Basi wale ndugu wawili hawakuambiwa leo wameze maneno yao. Kila mmoja anamlilia mwenzake kimyakimya, nasi sote tunajua. Wameambiwa washike jembe wachimbe, kwa maana kiwanja cha mteremko hakikosi mlango wa pili.