Chaguo la Kwanza la Mwambao

Wakwezi wanajua kwamba nazi haichaguliwi kwa kuizungusha mkononi mpaka jua likatua. Ukiikataa hii kwa kuwa ndogo na ile kwa kuwa ina kovu, wenzako watajaza pakacha zao, nawe utaachiwa koroma, tunda lililopita udafu lisifike unazi: maji yake yamepoteza utamu na nyama yake haitoi tui la maana. Bi Mwanahija alizaliwa Makunduchi, kwenye minazi, na methali ya wakwezi aliijua tangu hajaota meno ya pili. Kuijua hakukumsaidia kitu.

Mwaka wa tisini na tisa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Guangzhou, mjane wa miaka arubaini na minane, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na jambo. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waliokuwa mjini humo hawakuwa wengi. Walikula pamoja, walisali Ijumaa au Jumapili, kila mtu na dini yake, na walikuwa na timu yao ya mpira wa wachezaji saba iliyoitwa Mwambao. Rotich, mnunuzi wa redio kutoka Nairobi na mzaliwa wa Kericho, hakuchoka kulalamikia jina hilo, akisema kwao hakuna mwambao bali majani ya chai. Bi Mwanahija alifanywa mwenyekiti kwa sababu mbili. Jezi zilishonwa mbele ya macho yake katika karakana za ushonaji za mtaa wa Kangle, na katika kikao cha kwanza cha timu yeye peke yake ndiye hakupiga kelele.

Katika mashindano ya wageni ya mwaka uliotangulia, timu zilikuwa nne, na Mwambao ilishika mkia. Ilifungwa mabao kumi na manne katika mechi tatu. Kipa wao, muuza viatu mnene mwenye roho nzuri, aliuogopa mpira kama paka anavyoogopa maji. Kila mtu aliyekuwa uwanjani aliliona tatizo, hata watoto wa Kichina waliokuwa wakichungulia kwenye uzio na kucheka.

Basi mwezi wa Aprili habari njema zikaja. Wanafunzi wanne Waafrika, wote wachezaji, walikuwa wamefika mjini kusoma, na waandaaji wa mashindano waliamua wagawanywe, kila timu mmoja. Ili kusawazisha nguvu, iliyoshika mkia ndiyo ingechagua kwanza. Sharti lilikuwa moja tu: jina lipelekwe kwa katibu wa mashindano, Mmali mmoja mkali wa saa, kabla ya saa kumi alasiri ya Jumamosi. Atakayechelewa angepelekwa mwisho wa mstari.

Katika wanafunzi hao kulikuwa na Zubeir, kijana wa Unguja aliyekuja kusomea udaktari. Alikuwa kipa. Bi Mwanahija alimwona akifanya mazoezi Jumatatu, akiruka kulia na kushoto kama chui, akidaka mipira kwa mikono iliyotulia. Alirudi na moyo mweupe. Timu isiyo na kipa imepewa kipa, na imepewa kuchagua kwanza. Aliona kikao kingekwisha kabla chai haijapoa.

Kikao kilikaa Jumanne mchana kwenye mgahawa wa tambi wa Mwislamu mmoja wa Kichina, karibu na mtaa wa Dengfeng. Hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, na kuta zilikuwa zikitiririka maji kama zinatokwa na jasho. Mashabiki walijaa, lakini sauti zilikuwa mbili: ya Rotich, na ya Gharib wa Kariakoo, msafirishaji wa vyombo vya jikoni, ambaye hakuna jambo duniani aliloshindwa kulitolea maoni.

Gharib alisema kipa ni wa kuokoteza, chaguo la kwanza ni la mshambuliaji. Akamtaja Mkameruni mmoja mwenye mashuti mazito. Rotich akamjibu kwamba Mkameruni huyo hajui neno la Kiswahili, na mtu akiambiwa rudi nyuma asirudi, mashuti yake yatafaa nini? Yeye alimtaka Austin, winga wa Nairobi mwenye mbio. Gharib akasema Austin ni mwembamba, upepo wa Guangzhou ungempeperusha. Bi Mwanahija alipomtaja Zubeir, wote wawili wakamgeukia wakiwa kitu kimoja kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mfupi, walisema. Kipa mfupi ni nyumba isiyo na paa.

Jumatano ilikuwa hivyo hivyo. Alhamisi, baada ya saa mbili za kubembelezwa, Gharib alikubali Austin achukuliwe. Bi Mwanahija alikwisha kuinua kalamu. Ndipo Rotich, aliyekuwa akimpigania Austin siku tatu, akashikwa na mashaka. Kama Gharib amemkubali upesi hivyo, alisema, lazima kuna kasoro ambayo yeye Rotich hakuiona. Bi Mwanahija akaishusha kalamu na kuukunja uso. Alijiuliza kama wanaume hawa walikuwa wakinunua redio na sufuria kwa namna hii, na kama ndivyo, jinsi gani maduka yao yalikuwa hayajafungwa.

Uwezo wa kuwakata maneno alikuwa nao. Katiba ya timu, ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, ilimpa mwenyekiti neno la mwisho. Lakini Zubeir alikuwa Mzanzibari mwenzake, na alisikia masikioni mwake, kabla hata hayajasemwa, yale ambayo yangesemwa: Bi Mwanahija amependelea wa kwao. Kwa hiyo alingoja wakubaliane wote, ili pasiwe na wa kumnyooshea kidole.

Ijumaa, baada ya sala, Zubeir mwenyewe aliingia mgahawani. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, na sura yake ilikuwa ya mtu ambaye kwa wiki sita hajazungumza lugha ya mama yake na mtu yeyote. Alimwamkia Bi Mwanahija shikamoo kwa adabu, akaomba kukaa nao. Akasema amesikia kuna timu ya watu wa nyumbani, na kwamba angefurahi mno kuidakia.

Gharib alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye ndala, kisha akamwambia asimame kwenye mwimo wa mlango ili kimo chake kionekane. Zubeir akasimama. Rotich akaenda akaweka kiganja juu ya kofia ya kijana, akakilinganisha na mwimo, akatikisa kichwa. Mmoja akasema mikono yake ni mirefu kuliko kimo chake, mwingine akauliza miguu yake ni saizi gani. Mwenye mgahawa, ambaye hakuelewa neno, aliacha kukanda unga akatazama. Zubeir alistahimili yote hayo akiangalia sakafu. Walipomaliza wakarudi mezani kuendelea kubishana, wakamwacha amesimama pale pale.

Alimsogelea Bi Mwanahija.

"Bi mkubwa," alisema kwa sauti ndogo, "kama mnanitaka, niandike. Kama hamnitaki, niambie niende. Lakini usiniache nisimame hapa kama ng'ombe wa mnadani."

Bi Mwanahija alihisi uso wake ukiwaka. Karatasi ilikuwa mbele yake, jina lilikuwa na herufi sita tu.

"Kesho, mwanangu," akamwambia. "Vumilia. Kesho tutalimaliza."

Zubeir aliitikia kwa kichwa, akaaga, akatoka kwenye manyunyu bila kufungua mwavuli.

Jumamosi walikutana tangu saa nne asubuhi. Mkameruni alichaguliwa mara mbili na kuondolewa mara mbili. Austin alirudi, akatoka. Saa tisa na nusu Gharib akaanza kusema kwamba, kwa kweli, ukitazama vizuri, huyu kipa si mfupi sana. Rotich akasema ni mfupi vile vile kama jana. Bi Mwanahija alitazama saa ya ukutani, akainuka, akapiga meza kwa kiganja hata bakuli za mchuzi zikaruka.

"Basi. Ni Zubeir. Anayetaka kunisema na aniseme."

Aliandika jina akatoka mbio, na wenzake wakamfuata. Walikata mitaa yenye watu, wakapanda daraja la waenda kwa miguu lililojaa wachuuzi na miavuli, wakashuka, wakaingia ukumbi wa hoteli ambamo katibu aliketi, Bi Mwanahija akiwa ameshika viatu mkononi. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili. Katibu hakuwa na kinyongo. Aliwaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Wamali walikuwa wamemchukua Zubeir, Wanigeria Mkameruni, na Waghana Austin. Kwa Mwambao alibaki Mzambia mmoja, beki, ambaye siku zote tano hakuna aliyelitaja jina lake.

Mzambia huyo alikuwa ameketi pembeni, jitu la kupendeza lenye mabega kama mlango, na Gharib alipomwona tu akaanza kutabasamu. Kwa Kiingereza cha upole mtu yule akawaeleza kwamba goti lake la kulia lilivunjika mwaka juzi, na kwamba alikwisha kuwaambia waandaaji tangu mwanzo asitegemewe. Kama wangemuuliza, angewaambia na wao.

Mechi ya kwanza Mwambao walipangiwa Wamali. Mzambia alicheza dakika tisa kwa moyo wote, akatolewa amebebwa na watu wawili, barafu ikawekwa juu ya goti. Golini alisimama yule yule muuza viatu mwenye roho nzuri, akafungwa matano. Upande wa pili, mipira yote ya Mwambao iliishia mikononi mwa kijana mmoja mfupi. Alipangua penalti kwa ncha za vidole, na Wamali wakamwinua juu juu wakiimba kwa lugha asiyoijua.

Baada ya filimbi ya mwisho alivuka uwanja, akaja kumsalimu Bi Mwanahija.

"Jina lako nililiandika," Bi Mwanahija alimwambia, na mara akaona jinsi maneno hayo yalivyokuwa membamba. "Nilichelewa. Nilijua tangu Jumatatu, nikaogopa midomo ya watu. Nisamehe."

Zubeir alivua glovu zake polepole.

"Mimi nilikuwa pale hotelini tangu saa tisa," akasema. "Nilikaa karibu na mlango. Nilitaka nisikie jina langu likisomwa na watu wa kwetu. Katibu alipotazama saa, nilimwomba angoje dakika tano. Akangoja. Nikamwomba tano nyingine, akakataa." Akazikunja glovu pamoja. "Nimekusamehe, bi mkubwa. Lakini timu ninayo sasa."

Akamwinamia kwa heshima, akarudi kwa wenzake waliokuwa wakimwita.

Bi Mwanahija aligeuka. Nyuma yake Gharib na Rotich walikuwa wamekwisha kuanza upya. Kwa kuwa Mwambao wangeshika mkia tena, Gharib alikuwa akisema, mwakani wangepata tena chaguo la kwanza, na safari hii ni lazima wapime mambo kwa makini zaidi, wasikurupuke. Rotich alikubali kuhusu kutokukurupuka, ila hakukubaliana naye kuhusu kupima. Bi Mwanahija aliwasikiliza mpaka alipohisi kichwa kinataka kupasuka. Kisha akajikumbusha kwamba wao walikuwa wamebishana tu, na ni yeye aliyekuwa na neno la mwisho akalikalia siku tano.

"Mwakani," akawaambia, "nikiona kizuri nitakichukua, nanyi mtabishana nikiwa njiani narudi. Maana nazi tuliizungusha mikononi hadi wenzetu wakaibeba. Mchagua nazi hupata koroma."