Zamu ya Mwisho ya Ndiva

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni juzi tu, katika milima ya Upare waliishi watu watatu waliochoka. Anzeni kuwahurumia sasa hivi, maana mbele hamtapata nafasi.

Wa kwanza ni Mbonea, aliyepanga vihisi viwekwe wapi. Kihisi ni kidude kinachochungulia kijito na kusema maji yamefika kina gani. Wa pili ni Namkunda, aliyekilinda kihisi cha kijito cha Mbago na kukiondolea tope. Wa tatu ni Nakijwa. Yeye alikaa na kompyuta, akapokea vipimo vya vijito vyote vya mlima, akavituma ofisi ya kanda. Ofisi iliviunganisha na vya milima mingine, kisha ikawarudishia walinzi wa ndiva habari kwenye simu zao. Na ndiva, kwa msiotoka kwetu, ni bwawa la udongo la kumwagilia mashamba. Ndilo linalotulisha.

Basi mvua ikapiga juu msituni, Mbago ukashuka kwa hasira. Mlinzi wa ndiva akatazama simu, simu ikasema kijito kimetulia. Hakufungua mlango wa kutolea maji. Ukuta wa ndiva ukapasuka, maji yote yakapotelea nyikani.

Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikapigwa, watu wakaja na majembe. Wakauziba ukuta mpaka migongo ikawaka moto, kisha wakaketi kuamua. Desturi yasema hivi: aliyesababisha ndiva kupasuka hupewa zamu ya mwisho ya maji mpaka mvua nyingine. Na mwaka ule zamu ya mwisho ilikuwa tope tupu. Mahindi ya mwenye zamu hiyo yangekauka yakiwa yamesimama.

Nakijwa aliketi nyuma ya watu. Shamba alilolima lilikuwa la mama yake, na mama yake hakuwa na lingine. Alichoka hata kuogopa.

"Semeni," akasema Mama Elinaja, mwenyekiti wa ndiva, tope limemganda magotini. "Na semeni kwa kifupi, jembe limenimaliza."

Mbonea akasimama. "Jamani, mahali pa kihisi palikuwa juu, ndani ya msitu wa tambiko. Wazee wakakataa chuma kisiingie humo. Nikakishusha hapa chini penye tope. Sasa mnaniadhibu kwa kuwaheshimu wazee?"

"Uliheshimu, shemeji," akadakia Namkunda, "lakini hukutuambia kwamba kila mvua ikinyesha kitazibwa macho."

"Ningesema, mngeniambia nawatisha."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha waliochoka. Kweli wangemwambia hivyo.

Namkunda naye akasimama. "Mimi hukisafisha siku zote. Siku ile tulikuwa na msiba kwa kina Mchome. Nani hapa hushika koleo na maiti bado imo ndani? Ningeshuka kijitoni, ninyi ninyi mngenitenga. Ndiyo, kihisi kilizibwa, kikanyamaza. Lakini kunyamaza si kusema uongo."

Macho yote yakamgeukia Nakijwa. Akainuka polepole.

"Ni kweli, shangazi, kilinyamaza. Lakini ofisi haitaki kisanduku kitupu. Kimoja kikikosa namba, huitupilia mbali taarifa ya mlima mzima. Mara ya kwanza niliacha wazi, wakatufuta kwenye ramani, ndiva zote zikakosa habari, mkaniita mvivu. Tangu hapo kihisi kikinyamaza najaza kipimo cha jana. Mama Elinaja, ulinisifu papa hapa."

Mama Elinaja akayatazama magoti yake. "Nilikusifu. Sikujua nasifu nini."

"Tuwagawanyie zamu," akasema mtu.

"Utaigawaje? Wa mwisho ni mmoja."

Hapo simu ya Nakijwa ikalia. Wakati watu wote wakiziba ukuta, hakuna aliyekumbuka kukisafisha kihisi. Ujumbe ulitoka ofisini: Mbago hauna namba, jaza upesi. Nakijwa akausoma kwa sauti. Mbonea akashika kichwa. Namkunda akalivuta koleo lake, akajaribu kuinuka, akaketi tena.

Nakijwa akaandika: *Hatujui.* Akatuma. Haukupita muda, mlima wao ukafutika kwenye ramani, na walinzi wa ndiva zote wakabaki vipofu. Safari hii hakuna aliyemwita mvivu. Hakuna aliyemshukuru pia.

Mama Elinaja bado anangoja uamuzi, na mama yake Nakijwa anangoja kwake, mahindi yakiwa yameanza kujikunja majani. Nami nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu, kwa hiyo nawatwika ninyi. Yupo aliyekiweka kihisi pabaya kwa heshima. Yupo aliyekiacha kizibwe kwa ajili ya msiba. Yupo aliyejaza pengo ili mlima usifutwe. Msinijibu "wote", hilo hata mlinzi wa mlango amelisema, akaambiwa anyamaze.

Je, zamu ya mwisho ni ya nani?