Figa la Heheni

Walikuwapo Mzee Elieza Mcharo, baba wa bwana arusi, aliyeleta jiwe la kilima cha Kivundo. Bi Namkunda Sebughe wa kilima cha Heheni, aliyebeba jiwe lake kichwani ingawa magoti yalimsumbua. Nanzia, mjukuu wangu, bibi arusi. Na mimi, niliyeleta jiwe la Mbarisha. Tulikuwa tukiweka mafiga katika jiko la Nanzia.

"Babu, mimi nina jiko la gesi," alisema Nanzia. "Na kama ni lazima, si tungeokota tu mawe matatu mtoni, yanayofanana?"

"Gesi ikiisha utamlisha mumeo harufu yake?" Bi Namkunda alimjibu, nasi tukacheka. Kisha akanigeukia. "Mweleze, kaka. Wewe una subira."

Nilimweleza hivi.

Zamani kila kilima kilipikia juu ya mawe yake na kunywa maji yake. Mbarisha kilikuwa kilima maskini, hata vilima vingine havikujisumbua kukisalimu. Lakini watu wake walichimba mfereji kutoka msituni, wakajenga bwawa, wakawa wanavuna wakati wengine wanatazama mawingu. Mkuu wao, Sekiete, hakuwa mchoyo. Aliwapelekea majirani maji, na pamoja na maji, mafiga meusi ya Mbarisha yasiyopasuka motoni. Alisema maji ya Mbarisha yachemshwe juu ya mawe ya Mbarisha.

Baada ya mafiga zilikuja mbegu za Mbarisha, siku za kupanda za Mbarisha, na majina ya Mbarisha kwa watoto. Watu wa Kivundo walipokea yote, hadi wakasahau wimbo wa kupandia ulezi wao. Watu wa Heheni walikasirika wakauziba mfereji, na ndama wao wakafa kwa kiu.

Huko Heheni alikuwako mjane aliyeitwa Nambike. Binti yake wa pekee, Nakiete, aliolewa na mwana wa Sekiete, na sasa alikuwa amejifungua. Desturi ilitaka mama ampikie mzazi uji wa kwanza. Lakini wazee wa Heheni walisema, atakayepikia mawe ya Mbarisha asirudi kwetu. Na wazee wa Mbarisha walisema, atakayepikia mawe mengine asiingie kwetu.

Nambike aling'oa figa moja la jiko lake. Alipita Kivundo, akaomba jingine lililokuwa limetupwa nyuma ya nyumba. Alishuka nayo hadi kwa binti yake, moja kichwani, jingine mgongoni kama mtoto. Sekiete alimkuta jikoni ameondoa mafiga mawili meusi, la tatu ameliacha.

"Mkwe wangu, mawe yangu yana kasoro gani?"

"Hayana. Ndiyo maana moja nimeliacha. Ila figa moja haliinjiki chungu."

"Nami ndiyo maana nilileta matatu."

"Chungu yangekibeba, mkwe. Lakini mtoto huyu angejuaje kwamba mama yake ana kwao?"

Sekiete hakumfukuza. Aliketi. Uji ulipoiva alipewa kata yake, akanywa hadi chini.

"Nimekwenda vilima vyote," alisema, "na kila jikoni nimekuta mawe yangu. Ni leo tu nimekuwa mgeni."

Kisha, kwa sauti ndogo, kupitia Nambike, aliwaomba watu wa Heheni figa moja kwa jiko lake mwenyewe.

Nambike alirudi kwao na ombi hilo. Wazee walimcheka kwanza, hawakuamini. Halafu walisahau kumfukuza, kwa kuwa walikuwa wakibishana ni jiwe lipi lililo zuri zaidi. Walipolipeleka walipitia mferejini, wakauzibua.

Na tangu siku hiyo, katika vilima vyetu, hakuna jiko jipya linalowekwa mawe ya kilima kimoja, na Mbarisha huomba kama wengine.

Nanzia aliinama. Alilipangusa vumbi jiwe la Bi Namkunda kwa upindo wa kanga yake, akaliweka upande wa mlango, kisha akamshika mkono bibi huyo ili ainuke.

Bi Namkunda Sebughe alifariki Jumatano iliyofuata, nyumbani kwake Heheni; figa lake bado linainjika chungu jikoni kwa Nanzia.